Karatasi ya Kijani

Ilikuwa mwaka ule ofisi ilipohamia ghorofa ya nne. Hapana, nakosea. Kuhama kulikuwa mwaka mmoja kabla, maana siku hiyo lifti iligoma, kila mtu akapanda ngazi na kiti chake kichwani, na yule dada aliyewahi kuwa mwalimu hakuwepo bado. Basi tuseme ni mwaka uliofuata, katikati yake hivi, ndipo Mzee Mwongozo alipoanza kuumwa na wivu.

Walimwita Mzee Mwongozo ingawa alikuwa na miaka hamsini na mbili tu, kwa sababu mwongozo wote wa programu yao aliuandika yeye. Programu yenyewe ilikuwa ya kusimamia makontena. Si yale ya chuma yanayoshushwa bandarini, ingawa mkewe hakuwahi kukubali kabisa. Mjomba wa huku au shemeji wa kule akipiga simu kuuliza habari za gari aliloagiza, mke anasema, "Ngoja nimwite, si ndiye wa makontena?" Haya ni ya ndani ya kompyuta. Programu ndogo inafungwa pamoja na vitu vyake vyote, kama msafiri na begi lake, halafu programu kubwa, mfano wa nyapara, inaamua ikae kwenye seva gani kati ya zile kompyuta kubwa zinazohudumia nyingine, na ikianguka inainua nyingine mahali pake. Ofisini waliokuwa wanamjua nyapara huyo walikuwa wengi. Aliyeweza kumweleza kwa maneno ya kawaida alikuwa mmoja, naye alijua hivyo, na ilimpa usingizi mzuri.

Ndipo akaja huyo dada. Walimwita Ticha tangu siku ya kwanza. Alimwamkia vizuri, "Shikamoo, kaka," akavuta kiti, akafungua mwongozo, kurasa mia nne zinazofuatana kama barabara moja.

"Kaka, huu ukurasa anausoma nani?"

"Kila mtu."

"Kila mtu ndiye nani? Mimi nikiandaa somo la kila mtu, nusu ya darasa wanalala, nusu wanapigana."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mzee Mwongozo naye alicheka, kwa meno tu.

Wiki ile ile Ticha alibandika karatasi ukutani, kutoka mlangoni mpaka dirishani, kila ukurasa wa mwongozo karatasi yake. Za kijani kwa wanaopeleka programu zao ndani ya makontena. Za njano kwa wanaosimamia seva. Za bluu kwa wanaoijenga hiyo programu kubwa yenyewe. Watu watatu, milango mitatu, alisema, na kila mmoja aingie kwake asipotezewe muda na mambo ya mwenzake. Bosi alisimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni, akasema, "Hii ilikuwa wapi siku zote?" Swali hilo lilimkaa Mzee Mwongozo kooni kama mfupa. Siku zote walikuwa naye.

Nyumbani alilalamika mpaka chai ikapoa. Ticha anaandika sentensi fupi kama anaogopa kuishiwa wino. Ticha hajawahi kuona seva ikifa. Ticha hivi, Ticha vile.

"Baba watoto," mkewe akasema, "jina la huyo dada umelitaja mara ngapi leo? Langu mara ya mwisho lini?"

Akainywa chai ile ile, baridi. Lakini kuacha kulalamika siyo kupona.

Sasa jambo lenyewe. Kulikuwa na ukurasa mmoja wa onyo: kabla ya kuzima seva, hamisha kwanza makontena yaliyomo, na mwenye programu ahakikishe ana nakala nyingine inayofanya kazi kwingine. Maana seva nzima ikizimwa ghafla, hata nyapara huchukua saa kadhaa kuyainua kwingine. Ukurasa huo ulikuwa wa watu wawili, msimamizi na mwenye programu. Ticha aliona hiyo habari ya nakala, akaubandika kijani. Mzee Mwongozo alipita na kikombe chake, akauona, akasimama. Anayezima seva ni msimamizi, na msimamizi atafungua mlango wa njano. Onyo hataliona.

Alifungua mdomo. Kwa mbali Ticha alikuwa akicheka na Bosi, akimwonyesha kitu kwenye simu. Mzee Mwongozo akaufunga mdomo. Moyoni akasema, mwache, si ndiye anayejua nani anasoma nini.

Mwongozo mpya ukatoka. Chini ya kila ukurasa Ticha aliweka swali, kama umekusaidia au la, na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Idadi ilionekana kwenye skrini pale ukutani. Ndiyo za kurasa za Ticha zilipanda, mia, mia mbili, mia tatu na kitu. Mzee Mwongozo alijifanya hamnazo, lakini kila akienda kujaza maji shingo ilimgeuka yenyewe. Siku moja alijaza mara tisa.

Mwezi wa pili tangu mwongozo utoke, asubuhi, simu ikalia. Fundi wa seva wa kampuni moja ya mabasi inayotumia programu yao. Alizima seva moja aisafishe, na uuzaji wa tiketi ukasimama kwa muda wa saa tatu, abiria wamejaa stendi wanatukana. Ticha akaiweka simu kwenye spika wote wasikie.

"Dada yangu, nimesoma sehemu yangu yote. Ya wasimamizi, neno kwa neno, jana yake. Hakuna mahali panaposema nihamishe kwanza. Wananiambia nimefanya uzembe, kesho nisije. Nina watoto wanne, dada."

Ticha alifungua kurasa za njano, akashuka, akapanda. Uso ukamshuka.

"Ni mimi," akasema. "Niliweka kijani."

Hapo ndipo Mzee Mwongozo alipotakiwa kufurahi. Alikuwa ameisubiri siku hiyo kama mtu anavyosubiri mshahara. Ilipokuja, alichosikia masikioni ni wale watoto wanne.

"Niliiona," akasema.

"Uliona nini, kaka?"

"Karatasi. Siku ile ukutani. Niliona iko pasipo pake nikanyamaza."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Ingekuwa heri wangeuliza. Bosi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Mchana ule ule aliandika barua kwa ile kampuni ya mabasi kusema kosa ni la mwongozo wala si la fundi, na fundi akarudi kazini. Mzee Mwongozo aliuandika upya ukurasa wa onyo, safari hii kwa msimamizi peke yake, hatua nne fupi, ukawekwa wa kwanza kwenye mlango wa njano. Ticha aliusoma akasema, "Umekaa vizuri, mzee."

Mzee. Tangu siku hiyo hakumwita kaka tena.

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, Mzee Mwongozo anaufungua ukurasa huo. Seva zinazimwa, makontena yanahamishwa kwanza, na simu kama ile haijalia tena. Anashuka mpaka chini kabisa. Ndiyo, sifuri. Hapana, sifuri. Na juu ya vile vitufe viwili ambavyo hakuna aliyewahi kuvigusa, swali liko pale pale: Je, ukurasa huu umekusaidia?