Sare Isiyofuatwa kwa Dobi

Ukimsikiliza muuza mkaa wa kona, mtoto wa Mama Pasi alikwenda kufanya mtihani wa kuingia shule akiwa amevaa sare ya marehemu, na mwalimu alipomgusa bega alianguka chini akaanza kuongea kwa sauti ya mwenye sare. Kila akipima mkaa anaongeza kidogo. Wiki hii mtoto ameshaongea mpaka lugha tatu.

Mama Pasi hajibishani naye, na mkaa wa pasi yake bado anaununua pale pale. Anasema la kweli humo ni sare tu, na hilo moja linamtosha.

Saa kumi na mbili asubuhi yupo kwenye kibaraza chake, mikono imezama kwenye beseni mpaka viwikoni. Ni dobi. Ndani ni chumba kimoja chenye kitanda, meza ya kupigia pasi na rafu ya nguo zinazosubiri wenyewe. Kapu moja la nguo linampa chakula cha siku mbili, mvua isiponyesha. Ndani ya kola ya kila nguo hushona uzi wa rangi ya mteja, asije akachanganya. Nguo ikiondoka, uzi anautoa.

Shule ya kumpeleka bintiye aliichagua humo humo kwenye beseni.

"Mashati ya shule ile yanakuja na wino kwenye mikono," anasema. "Sare ya mwanangu inarudi na vumbi la makalio. Wanakaa chini, watoto tisini na mwalimu mmoja. Nikajua wapi wanaandika na wapi wanasubiri kengele."

Shule ile hutoa nafasi chache za bure kila mwaka kwa watoto wa darasa la nne wanaofaulu mtihani wake. Binti, mwenye miaka tisa, akaandikishwa. Jioni humsomea mama yake magazeti ya kufungia nguo, na akikuta neno asilolielewa humkasirikia aliyeliandika.

Tatizo likawa nguo. Tangazo lilisema watoto waje nadhifu, na sare yake ya kila siku ilikuwa imechoka hata sindano haishiki. Kwenye rafu palikuwa na sare ya shule ile ile, ya kimo chake, namba arobaini na saba imetariziwa mfukoni, uzi mwekundu kwenye kola. Mfanyakazi wa nyumba moja ya mtaa wa pili aliileta, kisha akapotea.

"Nilidhani wamenunua mashine ya kufulia," anasema Mama Pasi. "Wateja wangu wengi wameondoka hivyo. Hawaagi."

Kazi alifundishwa na shangazi yake, pamoja na sheria yake: nguo isiyofuatwa miezi mitatu ni ya dobi. Imeandikwa kwa chaki mlangoni, na hakuna mteja asiyeijua. Sare ile ilikuwa imekaa mitano.

Asubuhi ya mtihani binti alipapasa kola. "Mama, uzi hujautoa."

"Uache. Tunachelewa."

Darasani, mwalimu msimamizi aliiona ile namba akaweka karatasi zake chini. Mwenye namba hiyo aliugua likizoni, akazikwa likizo haijaisha. Akamuuliza mtoto kwa upole, sare hii ni ya nani.

"Ya mama," binti akajibu.

Hakuanguka, wala hakuongea kwa sauti ya mtu mwingine. Alitolewa nje kabla hajapewa kalamu, akakaa getini na rula yake mpaka mama yake alipokuja kumchukua.

Mama Pasi aliambiwa ofisini, akiwa amesimama. Alieleza ile sheria ya mlangoni. Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mambo ya madobi hayajui. Anachojua ni kwamba yule mtoto aliyefariki ana mama. Mama huyo akisema hakuibiwa, binti atafanya mtihani Ijumaa pamoja na wale waliokuwa wagonjwa. Asiposema, basi.

Mama Pasi alirudi nyumbani akafanya anachokijua. Aliifua sare upya, akaitia wanga, akaipiga pasi mpaka marinda yakasimama. Uzi mwekundu akautoa. Akaifunga kwenye gazeti, akaenda mtaa wa pili.

Mlango ulifunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe, mama wa yule marehemu. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalimpotea, akajikuta amepiga magoti. Alitoa pole, akasema hakujua, kisha akasema kilichompeleka.

"Dada, sikuiba. Naomba umwambie mwalimu mkuu hivyo tu. Mtoto apewe kalamu."

Yule mama alifungua gazeti, akainua sare, akazika uso kwenye kola. Akakaa hivyo. Alipoinua kichwa aliuliza neno moja.

"Umeifua?"

"Nimeifua vizuri, dada. Na wanga nimetia."

Mlango ukafungwa, taratibu, kama wa chumba cha mgonjwa.

Mama Pasi anasimulia hayo huku anakamua shati la mtu. "Ilikuwa na jasho la mwanangu," anasema, "nikaona aibu kuirudisha hivyo. Sikuwaza la mtoto wake. Halafu nikataka kumwambia kwamba hata siku ilipoletwa niliifua siku ile ile, harufu iliondoka zamani. Ningemwambiaje?"

Kesho ni Ijumaa. Sare ya zamani ya binti inaning'inia kwenye kamba, kola imegeuzwa ndani nje na kushonwa tena pale sindano iliposhika. Ataivaa, anasema Mama Pasi, na watafika getini mapema, hata kama ni kusimama tu. Binti amechonga penseli mbili. Amemwomba mama yake wapite kwanza mtaa wa pili, wagonge mara moja.

Mama Pasi hajamwambia kwamba leo alishapita. Aligonga, akaeleza tena kile kile akiwa nje ya mlango. Pazia la dirishani lilisogea, likarudi mahali pake.