Gitonga, nilikunyamazisha mezani

Akili imekataa, jamani. Kila asubuhi bado nashika simu nikingoja swali la Gitonga.

Miaka kumi na moja tumecheza briji, ule mchezo wa karata wa watu wawili dhidi ya wawili, timu moja hapa Nyeri. Kila siku alinitumia swali la kunadi, yaani kutaja dau kabla ya kucheza: "Uko na pointi kumi na kopa tano. Mimi nimefungua na shupaza moja. Unanadi nini?"

Nikijibu kwa aya tatu, alinirudishia: "Bwana Karanja, nimeuliza bid moja, umeniletea editorial!"

Siku ya kwanza niliutukana mchezo wenyewe, ati ni masalia ya wakoloni. Akanisukumia kiti. "Kaa kwanza ushindwe, halafu utukane ukijua."

Mnanijua hapa mtandaoni kwa kugombana. Leo sigombani na mtu. Naogopa.

Jumamosi alasiri tulinadi kopa nne, nami ndiye niliyecheza kadi zetu sote wawili. Sheria ni kwamba mwenzako hulaza kadi zake wazi mezani, kisha hunyamaza mpaka raundi iishe. Anaitwa dummy.

Gitonga akalaza zake. Halafu akasema, "Karanja, hii kifua yangu..."

"Wee! Dummy haongei!" nikamkatiza.

Meza nzima ikacheka. Naye akatabasamu, akanyamaza. Mwalimu wa hesabu, mtu wa sheria hadi mwisho.

Nilifikiri dakika mbili, tatu, sijui ngapi, nikimtafuta malkia wa kopa. Yuko kwa mpinzani wa kushoto au wa kulia? Nilihesabu kila kadi iliyochezwa. Uso uliokuwa mbele yangu sikuutazama.

Malkia nilimpata. Nikapiga meza, nikainua macho nishangiliwe.

Gitonga alikuwa ameegemea ukuta, kola imelowa jasho. Hatukufika naye hospitali akiwa hai.

Mkewe, Mama Njeri, aliniuliza mumewe alisema nini mwisho. Nikamjibu, "Hakusema kitu." Akauliza tena. Nikadanganya tena.

Leo asubuhi nimeenda nikamwambia ukweli. Alinimiminia chai. Kimya chake kimenitisha kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa hapa.

Alhamisi tunamzika, na sijui nitasimama wapi.

Ninyi mnaosoma: mtu akitaja kifua, tupeni kadi chini. Sheria inayomzuia mtu kusema anaumwa, ivunjeni.

Gitonga, ile sentensi yako haikuisha. Nairudia kichwani, kila mara inakatikia palepale, kwa sauti yangu.

Sasa dummy ni mimi. Nimelaza kadi zangu zote wazi, kila mtu anaziona.

Lala salama, partner. Nimenyamaza. Sema.