Msomee Mzee Kwanza

Mke wangu Benta alifundisha insha hapa mtaani Ziwani, Nairobi, mpaka akastaafu, na hata baada ya hapo watoto walimfuata nyumbani. Mimi sikusoma. Natengeneza viatu vya akala, vile vya matairi, nauza soko la Kariokor. Hizi herufi ninazoandika alinifundisha yeye, polepole.

Watoto wote walianza insha namna moja: jua linaangaza, upepo mwanana unavuma, ndege wanaimba.

"Ndege gani hao wa Ziwani?" Benta aliuliza. "Korongo wa takataka?"

"Lakini Mwalimu, hiyo ndiyo huleta maksi!"

"Nenda umsomee Mzee kwanza."

Mzee ni mimi. Mtoto alisimama mlangoni akasoma, nami nikigonga misumari. Nisipoelewa nilimuuliza: huyo ni nani? Alifanya nini? Akikosa jibu, alirudi ndani kuandika upya. Benta alitaka kitu kinachoonekana, na mtu unayeweza kumjua. Neno lisilo na kazi lifutwe. Basi.

Kati ya wanafunzi hao, Clare alirudishwa kuliko wote. Siku hizi naye ni mwalimu.

Benta alipotuacha, mkutano wa matanga ulimchagua Clare aandike wasifu wa kusomwa kanisani. Alikuja nao jioni. Kesho yake ulikuwa uchapishwe.

"Baba, nikusomee?"

"Soma."

"Marehemu alikuwa nguzo ya jamii, taa iliyomulika gizani, nyota..."

Niliogopa. Niliona kama tunaenda kuzika mtu mwingine.

"Clare, huyo ni nani?"

Alicheka. Kisha akafunika uso kwa zile karatasi.

"Baba, hata leo unanirudisha!"

"Ingia. Meza yake bado iko pale."

Nikabaki na kiatu mkononi, bila kugonga. Chai yangu ikapoa. Alipotoka alikuwa na ukurasa mmoja tu. Akasimama mlangoni, palepale pa zamani.

"Mwalimu Benta alivua viatu kabla ya kusahihisha insha. Alisema miguu ikibanwa, mkono unakuwa mkali. Ukiandika vizuri, aliisoma sentensi yako kwa sauti mpaka majirani wakasikia. Ukiandika vibaya, alikuita karibu, akanong'ona."

Niliweka nyundo chini.

"Huyo namjua," nikamwambia. "Peleka wakachape."