Maziwa Baada ya Moshi

Mafundi wa Kitengela wana dawa yao, na hakuna hospitali iliyowafundisha. Ukichomelea chuma kilichopakwa zinki, yale mabomba meupe ya maji na mabati ya matangi, hutoka moshi mweupe wenye utamu wa ajabu kooni. Moshi huo lazima uoshwe, na kinachouosha ni maziwa. Pakiti moja ukiwa na haraka. Kikombe kikubwa ukiwa kwako na una mke anayekujali. Mutinda alikuwa na mke anayemjali, kwa hiyo alikunywa kikombe kikubwa, na alikunywa kwa imani ambayo mchungaji wake angeitamani kwa waumini wake.

Alitoka Masii akiwa kijana, akafanya kazi katika kiwanda kimoja cha Athi River mpaka kilipofungwa, kisha akajenga karakana yake mwenyewe nyuma ya nyumba, huko Noonkopir, mtaa wa Kitengela. Karakana yenyewe ni jina la heshima tu. Ilikuwa ni kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa jikoni, sakafu yake nyeusi kwa mafuta na vumbi la chuma. Lakini ndani ya kibanda hicho hapakuwa na kifaa kilichonunuliwa kama kingeweza kutengenezwa. Mashine ya kuchomelea aliisuka mwenyewe kwa nyaya za mota zilizoungua. Mashine ya kukunja mabomba ilizaliwa na jeki ya lori. Msumeno wa umeme uliokata vyuma huku yeye akinywa chai ulikuwa zamani mota ya mashine ya kufulia, na bado uliruka-ruka kama unafua.

Wateja wake wakubwa walikuwa wafugaji wa upande wa Kisaju na Isinya, waliotaka mabirika ya kunyweshea ng'ombe, mageti, na vipuri vya pampu za visima. Mmoja wao, Parsaoti, alikuwa ameshakuwa rafiki kuliko mteja. Kila alipokuja mjini alileta maziwa ya kibuyu, yenye harufu ya mti uliochomwa, kwa sababu alijua kazi ya fundi inataka maziwa. Kila mtu alijua.

Usiku wa siku zile za zinki, Mutinda alitetemeka kwa homa. Kathini, mkewe, alimfunika blanketi mbili, na asubuhi homa ilikuwa imekwisha. Hawakuiita ugonjwa, waliiona kuwa sehemu ya kazi, kama malengelenge. Kisha kikaja kikohozi, na kikohozi hakikuondoka asubuhi. Mwishowe mtu aliyezoea kubeba mtungi wa gesi begani alishindwa kufika msalani bila kupumzika ukutani, na Kathini akampeleka hospitali kwa nguvu.

Daktari alikuwa mwanamke mpole. Aliinua picha ya kifua dirishani, akaitazama kwa muda mrefu kuliko Mutinda alivyopenda.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Mimi ni fundi wa welding."

"Na ulikuwa unavaa kitu hapa kwa mdomo?"

"Hapana. Lakini maziwa sijawahi kosa."

Daktari hakucheka. Pengine angecheka ingekuwa afadhali, maana Mutinda angepata mtu wa kumkasirikia. Aliketi tu, akamwambia polepole, "Maziwa inaenda kwa tumbo, mzee. Moshi inaenda kwa mapafu. Hizo mbili hazikutani."

Akamwambia pia kwamba kilichoharibika hakitarudi. Angeweza kukaa miaka kadhaa na kile kilichobaki, lakini moshi asiuguse tena, hata kidogo.

Mutinda alirudi nyumbani kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango aliokuwa akiufunga kwa komeo kila usiku haukuwa wa nyumba yake. Kathini ndiye aliyelia, jikoni, akiwa ameshika sufuria.

"Mimi ndiye nilikuwa nakupea, Baba Mumo," alisema. "Miaka yote hiyo, mimi ndiye nilikuwa namimina."

"Ulinipea maziwa, Mama Mumo. Moshi nilijipea."

Alisema hivyo kumtuliza, na neno hilo halikumtuliza yeyote.

Sasa, mtu mwingine angeuza vyuma vyake na kufuga kuku. Mutinda hakuwa mtu wa kuku. Alilala kitandani siku chache, akitazama dari, na alipoinuka alikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Angetengeneza kerezo, ile mashine inayozungusha kipande cha chuma ili kisu kigumu kikichonge kiwe mviringo kamili. Kiwandani Athi River alikuwa mkerezaji kabla hajawa chochote kingine. Kerezo haina moshi. Mtu huifanyia kazi akiwa ameketi. Shafti za pampu, zile fito za chuma zinazozunguka ndani yake, ambazo wafugaji walizipeleka mbali na kuzingojea wiki nzima, zingechongwa hapo hapo uani kwake. Akiwa na kerezo inayochonga sawasawa angebaki kuwa fundi mpaka pumzi yake ya mwisho. Bila hiyo alikuwa mgonjwa tu anayengoja chakula. Alilielewa hilo vizuri, na lilimtisha kuliko ile picha ya kifua.

Kathini aliufurahia mpango huo kwa sababu haukuwa na moshi. Ndivyo alivyoelezwa.

Basi vifaa vikaanza kukusanyika. Mota ilitoka kwenye posho mill, mashine ya kusagia mahindi, iliyokufa. Beringi za gurudumu la lori zikawa mahali pa kushikilia mhimili unaozunguka. Ile kucha ya chuma ya kushika kipande kinachochongwa aliipata kwa wauza skrepa ikiwa na meno mawili badala ya matatu, na jino la tatu alilitengeneza kwa tupa, kwa mkono, akipumzika kila baada ya misukumo michache, mpaka likafanana na wenzake usiweze kulitambua. Parsaoti alikuja, akalishika, akalipitisha kidole.

"Hii ni ile umetengeneza?"

"Hapana. Ni hiyo nyingine."

"Wacha uongo, fundi." Wakacheka, Mutinda akakohoa kwa sababu ya kucheka, na Parsaoti akangoja kwa adabu, akitazama pembeni, mpaka kikohozi kilipokwisha. Kisha akamweleza kwamba shafti ya pampu yake imeanza kulika upande mmoja. Alisema atangojea kerezo, haendi kwingine.

Kilichobaki kilikuwa kitanda cha mashine, mihimili miwili mirefu ya chuma iliyotolewa kwenye ghala lililobomolewa. Ilipaswa kulala sambamba bila kupotoka hata unywele, kwa sababu kila kitu kingine kingepanda juu yake. Vipande vya kuiunganisha chini havikukubali bolti, au Mutinda alijiambia hivyo. Vilitaka kuchomelewa.

Hapa ndipo mtu anapotamani kumshika fundi huyu mabega amtikise. Opiyo alikuwa pale pale, hatua chache barabarani. Alikuwa msaidizi wake zamani, na sasa alikuwa na karakana yake na mapafu mazima. Alikuwa ameshasema mara nyingi, "Mzee, ukiwa na ya kuchoma niite tu." Kathini alimkumbusha hilo. Mutinda akajibu kwamba Opiyo ni mtu wa mageti, na kitanda cha kerezo si geti. Kiburi kina njia yake ya kujiita uangalifu.

Akangoja Jumapili, Kathini akiwa kanisani. Alijifunga kitambaa puani. Alijua kitambaa hakitoshi, akajifunga hivyo hivyo.

Fundi yeyote anajua namna ya kuchomelea kitu kirefu kisipinde. Unashika nukta moja huku, unazunguka, unashika nyingine upande wa pili, unaacha ipoe, unarudi ya kwanza. Moto huvuta chuma, na njia ya pekee ni kuvuta pande zote kwa zamu ili pande zishindane. Mutinda alikuwa amemfundisha Opiyo jambo hilo kwa ukali, na wakati mmoja kwa kofi. Lakini kuzunguka kulimaanisha kuinuka, kuburuta nyaya, kupiga magoti tena. Alifanya hivyo mara moja, akapiga magoti upande wa pili, akaona giza likimzunguka. Alikaa chini akiwa ameegemea chuma chenye joto, kinywa wazi, akitafuta hewa.

Alipoipata, hakurudi upande wa kwanza. Akafanya hesabu ya mtu aliyechoka. Alijiambia mihimili ni mizito, haitavutika. Akachomelea upande ule wote kwa mkupuo, tangu mwanzo hadi mwisho, akiwa amekaa. Kisha akajikokota akamaliza wa pili.

Kathini alirudi akakuta moshi umeshatoka lakini harufu bado ipo. Alipita moja kwa moja ndani, akavua kitambaa chake cha kanisani, akaketi kitandani. Mutinda, ambaye angeweza kustahimili kugombezwa, alienda mwenyewe jikoni akajimiminia maziwa, akanywa akiwa amesimama, na alijua anachofanya ni upuuzi.

Siku mashine ilipounganishwa yote, ilizunguka kwa utulivu wa kupendeza. Hata Kathini alitoka kuitazama. Kisu kikagusa chuma, uzi mwembamba wa chuma ukajikunja ukianguka, bluu kwa joto, na Mutinda akahisi furaha ambayo hakuwa ameihisi tangu kiwanda kilipofungwa. Alichonga kipande cha urefu wa mkono. Akazima, akapima unene wa mwanzo wake kwa kalipa, akapima mwisho wake. Akafuta kalipa kwa shati. Akapima tena.

Mwanzo ulikuwa mnene kuliko mwisho, na katikati palikuwa na tumbo.

Akaweka kipande cha kioo kizito, cha meza iliyovunjika, juu ya ile mihimili, akakisukuma pembeni kwa kidole. Kioo kilicheza. Kitanda kilikuwa kimejipinda, kama mtu aliyelala mabega yameelekea huku na nyonga kule.

Kwa majuma kadhaa alipigana nacho. Alitia vibati vya makopo chini ya miguu. Akinyoosha huku, kunaharibika kule. Alileta grainda akasaga pale palipoinuka, akasaga zaidi ya ilivyopasa, palipoinuka pakawa shimo. Mwishowe akameza kiburi akamwita Opiyo, na Opiyo akaja mara moja, akachuchumaa, akapitisha kiganja juu ya mihimili kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Aliporudi pale katikati alisita.

"Nani alichoma hii, mzee?"

"Mimi."

Opiyo alikuwa ameona mshono ule mrefu wa mkupuo mmoja, kosa lile lile lililomgharimu yeye kofi zamani. Angeweza kusema mengi, akasema la heshima tu. "Hii chuma imechoka, mzee. Tukiikata itakuwa mbaya zaidi. Ni kutafuta ingine, tuanze mwanzo."

Kuanza mwanzo kulitaka mihimili mipya, na mikono ya kuipatanisha polepole kama alivyoipatanisha hii. Kulitaka pia mapafu ya mtu mwingine. Tangu ile Jumapili, Mutinda alilala akiwa ameketi. Wote wawili walilijua hilo, Opiyo akaaga akasema atapita tena.

Parsaoti ndiye aliyefika, asubuhi ya jua kali, shafti ikiwa imefungwa gunia begani. Ukame ulikuwa umekaza upande wa Kisaju.

"Sopa, fundi."

"Ipa," Mutinda aliitikia salamu ya Kimaasai.

"Nimesikia mashini inazunguka. Watu wa barabara wameniambia." Akaifungua shafti, akailaza juu ya meza kwa mikono miwili. "Pampu imesimama. Hiyo ng'ombe imebaki inakunywa kwa jirani, na jirani ameanza kununa."

Mutinda akaiinua ile shafti. Kwa mazoea tu akaifunga kwenye kerezo, meno matatu yakaishika. Akawasha. Ilizunguka mbele yao iking'aa, na kwa macho ya mtu asiyejua ilikuwa mashine kamilifu. Parsaoti alitabasamu. Mutinda aliweka mkono kwenye gurudumu la kusogeza kisu, akauacha hapo. Angeweza kuichonga. Ingetoka inameremeta, ingefika Kisaju, ingekaa kwenye pampu siku mbili au tatu, kisha ingekula beringi na kila kitu kilichoishika, na Parsaoti angerudi na kufikiri kosa ni la pampu, kwa vile asingeweza kufikiri kosa ni la Mutinda.

Akazima.

"Peleka Athi River," alisema.

"Athi River kufanya nini? Nimekuja kwako."

"Hii mashini haichongi sawa. Iliharibika wakati nilikuwa naichoma."

Parsaoti akaitazama mashine, akamtazama rafiki yake. "Sawa. Si utaitengeneza? Mimi nitangoja. Nitakuwa nabebea hao ng'ombe maji na punda."

"Usingoje, Parsaoti."

"Hata kama ni mwezi mbili."

"Usingoje."

Mutinda akalegeza meno yale matatu, akaitoa shafti, na kwa kuwa ilikuwa nzito akaiegemeza kifuani kabla ya kumpa. Parsaoti aliipokea. Akaifunga tena kwa gunia lake, akaaga. Geti likafungwa nyuma yake.

Kathini alikuwa dirishani mwa jikoni, alikuwa amesikia yote. Alitoka akifuta mikono kwa leso, akasimama kando ya mumewe. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao pale kumwona mteja akiondoka na kazi yake haijafanywa.

"Basi ingia ndani, jua ni kali," alisema.

"Nafanya nini huko ndani?"

Kathini alimshika mkono, wakaingia, na hata chai ya saa nne ilikuwa bado haijaiva.