Kaburi la Tisa, Mstari wa Kwanza

Huyu ninayemwandika ni Mzee Mpini, mume wangu. Ni mwana wa mfyatua matofali aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa wetu, mjukuu wa mtu aliyechimba kisima ambacho mpaka leo tunachota maji. Yeye mwenyewe alichimba makaburi arobaini katika kambi ya wafungwa, na hakuna hata moja alilolichimba kwa kulipua kazi. Mimi niliishia darasa la saba, lakini niliyoyaona kwa macho yangu hakuna msomi wa kunisahihisha.

Alifungwa akiwa kijana, yeye na wenzake wa kiwandani, kwa kugoma. Kule watu walikufa kwa njaa na kuhara, naye akapewa sepetu. Askari walisema fukia tu. Yeye akawapanga: mistari miwili kuanzia nguzo ya geti, vichwa upande mmoja, na kutoka kaburi hadi kaburi urefu wa mpini mmoja wa sepetu. Kuandika kulikatazwa, kwa hiyo akashika kichwani nani ni wa ngapi. Kambi ilipofungwa alitoka na mpini ule begani. Watu wakamcheka, jina likamganda.

Jirani yetu mshonaji alimpoteza kaka yake humo. "Kaburi la tisa, mstari wa kwanza," Mpini alimwambia, akapima kwa mpini wake, akachomeka kijiti. Miaka ishirini na tatu yule mama alikwenda kila Jumapili kupalilia. Alikuwa anaongea na kaka yake huku anang'oa magugu, mara anamlilia, mara anamgombeza kwa kumwachia wazazi peke yake.

Basi halmashauri ikaamua kujenga ukuta wa kumbukumbu na kuweka kibao chenye jina juu ya kila kaburi. Orodha ilitoka kichwani mwa mume wangu. Siku nne kabla ya sherehe, vibarua wakachimba msingi kupita mwisho wa mstari wa kwanza, mahali Mpini alipowaambia hapana mtu. Wakakuta mifupa na kipande cha blanketi.

Injinia alikuja kwetu mwenyewe, viatu vimejaa udongo. "Mzee, si ulisema pale ni patupu?"

Mpini aliiweka chai yake chini. Kisha akauleta mpini, akaupima kwa mkono. Shubiri tano.

"Huu ni wa pili," akasema. "Wa kwanza ulikuwa shubiri sita. Ulivunjika kwenye jiwe nilipomaliza mstari wa kwanza. Askari akanizaba kofi, ndipo akanipa huu. Kofi nimelikumbuka miaka yote. Urefu nikausahau mpaka leo."

Kwa hiyo mstari wa kwanza aliuchimba kwa mpini mrefu, akaja kutuonyesha kwa mfupi, na kosa likaongezeka kila kaburi.

Injinia akafuta jasho. "Mzee wangu, wote ni marehemu, na wageni wamealikwa. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wakubwa wakisikia watavitupa vibao. Watamwaga zege, waandike 'wafungwa', basi. Ndicho unachotaka?"

Mimi pia, sitaficha, nilimwambia, "Baba, nyamaza. Utamuua mama wa watu." Akanitazama kama mpangaji mgeni, akavaa viatu. Nikamfuata.

Mshonaji alikuwa kwenye cherehani. Aliposikia, miguu ikasimama juu ya pedeli.

"Shemeji, unaniambia kaka yangu hayupo pale?"

"Yuko mbele kidogo. Kama kaburi moja na nusu."

"Na siri zote za nyumbani kwetu nimemwambia nani?"

Mpini akahesabu kwa vidole. "Wa saba na wa nane. Umekuwa ukikaa katikati yao."

"Wote wawili!" Akabwaga mkasi mezani. "Toka. Tokeni nyote."

Siku mbili alitupita bila salamu. Mume wangu hakula vizuri. Siku ya tatu asubuhi, kesho yake ndiyo sherehe, akatokea mlangoni na futi yake ya kupimia nguo shingoni.

"Twende. Mpini wako siuamini tena, na mdomo wako vilevile."

Injinia aliwapa mpaka saa kumi jioni. Mshonaji alipima shubiri sita sita za Mpini kutoka nguzo ya geti, kila kaburi mara tatu, na vibarua wakichoma ardhi kwa mtarimbo. Penye kaburi ulizama, pasipo nalo ukagoma. Kibarua mmoja akacheka, "Bibi anawakatia suti!"

"Na wewe ngoja," akajibu, "saizi yako naiona kwa macho tu."

Makaburi ishirini, yote yakakubali. Kwenye la tisa aliiweka futi chini. Alipiga magoti tu, nasi tukageuka pembeni. Vibao vikahamishwa kwa mikono, na injinia akausogeza ukuta bila kumuuliza mkubwa yeyote.

Siku ya sherehe, baada ya maua na hotuba, jamaa wa marehemu walimzunguka mume wangu awaonyeshe watu wao. Akakataa. Akamshika mshonaji mkono.

"Mimi watu wananiamini tu, shemeji. Hilo ndilo lililotuponza. Kuanzia leo kazi ni yako. Akija mtu usimwonyeshe kwa kidole. Mpimie, aone mwenyewe."

"Na nikikosea?"

"Mwambie siku hiyohiyo. Usingoje miaka ishirini na tatu."

Mwanamume mmoja alikuwa ameshasogea, anamtafuta baba yake, wa kumi na nne. Mshonaji akampeleka kwenye nguzo, akamkabidhi ncha ya futi.

"Shika hapa, kaka. Usiachie."