Vumbi Jekundu Chini ya Basi

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya mabasi pale Voi, fomeni hakunipa spana. Alinipa nyundo ndogo, akaniamuru niingie chini ya basi nigonge chesi, ule uti wa mgongo unaobeba basi zima. "Usiniambie unaona nini," akasema. "Niambie unasikia nini." Chuma kizima hulia ngaa! Kilicholiwa na kutu hutoa du, kama debe la unga. Niligonga hadi jioni, naye akinisahihisha kwa matusi nisiyoweza kuyaandika hapa.

Nikapelekwa Taveta, nikarudishwa Voi, nikawa mkaguzi. Meneja wetu hakununua basi kuukuu kabla sijatoka chini yake. Lakini nyundo zilikula masikio yangu. Nilipostaafu nikatulia mtaa wa Kaloleni, pale pale Voi, kuongea nami ilibidi upige kelele kama unafukuza nyani shambani.

Mwaka jana akaja Wakesho, binti wa marehemu kaka yangu, kutoka Mghange. Yeye na wakulima wenzake walikuwa wameweka mashamba yao rehani ili wanunue basi kuukuu la masafa marefu. Wakiuziwa bovu, mashamba yamekwenda.

"Baba mdogo, twende ukalikague."

"Kwa masikio gani?"

"Kwa hayo hayo!"

Tukalikuta linang'aa, na chini limejaa vumbi jekundu. Sasa, sisi watu wa huku tuna ugonjwa mmoja: tukiona vumbi jekundu chini ya gari, tunaliamini. Tunasema hili ni letu, halijaonja chumvi ya bahari, na chumvi ndiyo mama wa kutu. Muuzaji alilijua hilo, akanipigia kelele sikioni: "Mzee, hii imefanya kazi huku huku. Si unaona vumbi?" Wakulima wakaanza kupongezana.

Nikaingia chini, nikagonga. Kimya. Nikagonga tena, kimya. Kwangu mimi dunia nzima ilikuwa kimya, na nasema wazi niliogopa. Wakesho aliniambia baadaye kwamba muuzaji alicheka, akauliza kama mzee wao amelala huko chini.

Nikabandika kiganja cha kushoto kwenye chesi, nikagonga kwa mkono wa kulia. Upande wa mbele chuma kilinitetemesha hadi kwenye kiwiko. Nikasonga nyuma, chini ya buti la mizigo: kiganja hakikuhisi kitu. Hapo ndipo nilipolitazama lile vumbi vizuri. Vumbi letu hurundikana nyuma ya magurudumu likagandamana kama tofali. Hili lilikuwa jembamba, sawasawa kila mahali, kama poda aliyopakwa mtoto.

"Leteni maji!" nikafoka.

Muuzaji akadai mifereji imekauka. Wakesho akatoa mtungi wake wa maji ya kunywa. Vumbi likatiririka lote, na chini yake ikatokea andasili mbichi, ile rangi nzito kama lami ya kuzuia kutu, iliyopakwa juzi tu kisha ikanyunyiziwa vumbi. Nikachomeka bisibisi. Lo! Ilizama hadi mpini. Vipande vya kutu vikaniangukia kifuani, na harufu ya samaki juu yake. Miaka yote basi lile lilikuwa likibeba samaki kutoka pwani, maji ya chumvi yakivuja ndani ya chesi.

Nikatambaa nje, nikammiminia muuzaji vile vipande mkononi. "Shika basi lako," nikamwambia.

Vigelegele vilivyopigwa, hata mimi nilivisikia!

Wiki iliyofuata tulipata jingine, sura mbaya, ubavu umebonyea, siti zimechanika. Lakini chesi yake ilinitetemesha mkono kutoka mbele hadi nyuma, nami nikawaambia wanunue.

Vijana, mkono nao una masikio. Fomeni wangu hakunifundisha hilo, nililijua uzeeni. Kila asubuhi basi la Mghange hupita nyumbani kwangu, dereva akapiga honi kunisalimu. Honi yenyewe siisikii. Naweka kiganja kwenye geti la bati, nangoja. Likifika, geti linatetemeka, nami naitikia, "Marahaba!"