Viberiti vya Kutoka Wundanyi

Kwa miaka sita nilitazama choo cha watu wa Voi na milima yake, na katika muda wote huo sikupata sababu hata moja ya kuwaheshimu. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akanidhania mtu mwema. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mtu wa maabara katika kliniki ya binafsi karibu na stesheni ya reli. Nilikuwa na cheti ukutani, hadubini moja yenye lenzi iliyokwaruzika, na dharau ya kutosha wilaya nzima.

Walileta choo katika viberiti. Mtu anaambiwa alete kidogo tu, anamwaga njiti, anajaza kiberiti mpaka hakifungiki, anakizungushia uzi, halafu anakuja nacho katika mfuko wa shati, upande wa moyo. Wengine walileta kopo zima la mafuta ya kupikia, limejaa, wakaliweka mezani kwa fahari. Nilikuwa nikivishika vitu hivyo kwa ncha za vidole na kumtazama mwenyewe machoni mpaka ainamishe kichwa. Ilikuwa starehe yangu ya asubuhi.

Na wote walitaka amiba. Mtu akihara, ni amiba. Akikosa choo, ni amiba. Mgongo ukimuuma, basi amiba imepanda. Ukimwambia hana kitu, ulikuwa umemtukana. Mama mmoja wa duka la vitambaa, Mwislamu wa watu wa pwani, mwenye heshima zake, aliisoma karatasi yangu iliyosema hakuna amiba, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "tumbo ni langu mimi, nalala nalo, naamka nalo. Wewe kwa kigae chako hicho cha kioo walijua vipi kunishinda?"

Akaenda kliniki ya pili, akapewa amiba yake, na wiki ile ile akapita kwangu kunionyesha karatasi.

Mwenye kliniki aliipenda hadithi hiyo kuliko mimi. Alikuwa zamani muuguzi wa serikali, sasa akijiita daktari, na ile mipira ya kusikilizia kifua haikumtoka shingoni hata akienda kula pilau. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akanieleza kwa upole kwamba mgonjwa amesafiri, ametoa haja yake mbele ya watu asiowajua, amengoja tangu saa mbili, na mimi namrudisha nyumbani bila ugonjwa. Hapa kwetu, akasema, hakuna mtu anatoka mikono mitupu. Nilimdharau kwa maneno hayo. Kisha nikarudi mezani na kuanza kuyafuata.

Mwanzoni niliyafuata kwa aibu kidogo. Halafu alifungua tawi Wundanyi, chumba kimoja chini ya duka la mbegu, na aibu ikaisha, maana Wundanyi hakukuwa na hadubini. Choo cha huko kilikusanywa asubuhi na kuteremshwa kwa gari la abiria ndani ya sanduku la katoni, kila kiberiti na namba yake, bila jina. Kilinifikia karibu saa sita, kimepoa. Mtu yeyote wa kazi yangu anajua kwamba amiba unayoitafuta katika choo cha mtu anayehara huonekana ikitembea choo kikiwa bado na joto. Kikishapoa saa tatu nne, unatazama vitu vilivyokufa na kubahatisha. Nilimwambia mwenye kliniki.

"Sasa si uandike tu," akajibu. "Kwani hawaumwi?"

Nikaandika. Miezi ya kwanza nilifungua kila kiberiti na kupaka slaidi. Baadaye nilifungua nusu. Mwisho nilikuwa naliweka sanduku chini ya meza, nachukua karatasi za majibu, na kuwagawia: namba hii amiba alama moja, yaani chache, namba hii alama mbili, yule pale alama tatu, tumbo limejaa, kwa kuwa leo Ijumaa. Jioni karatasi zilipanda mlima na gari lilelile, na huko muuguzi akatoa dawa kufuatana na mwandiko wangu: ile chungu ya amiba na, kwa kuwa hakuna anayependa kwenda na dawa moja, nyingine juu yake ya kuua bakteria. Kama hawa watu wanataka kudanganywa, nilijiambia, si mimi wa kuwanyima.

Mke wangu na binti yetu walikaa hukohuko juu, katika boma alilotuachia baba, mwendo mfupi kutoka mjini Wundanyi. Mke wangu alifundisha chekechea na kulima. Mimi nilipanda mwisho wa mwezi. Binti alipoachishwa ziwa alianza kuhara. Akapata nafuu, akahara tena, na hivyo hivyo mwaka mzima. Gauni alilovaa akitimiza mwaka mmoja lilikuwa bado linamtosha akikaribia miwili. Nilikuwa nikimbeba na kusikia mbavu zake kwenye mkono wangu, na nilijua kabisa, maana nimezaliwa milima hiyohiyo, kwamba mtoto wa namna hiyo huzikwa. Niliogopa mpaka nikawa siwezi kumtazama akila.

Hofu hiyo niliitoa kwa njia niliyoizoea. Nilimwambia mke wangu kwamba hachemshi maji, kwamba mikono yake ina udongo wa shamba, kwamba mama yake ndiye aliyemfundisha uchafu. Siku moja alipoanza kunieleza choo cha mtoto kilivyokuwa wiki hiyo, nilimkatiza. Nilimwambia mambo ya kuhara nayaona kutwa, asiniletee nyumbani. Tangu hapo nikimuuliza hali ya mtoto alisema anatibiwa, nami sikuuliza wapi wala kwa dawa gani. Nilidhani amempeleka hospitali ya serikali, maana kliniki yetu nilikuwa nimeisema vibaya mbele yake mara nyingi, mwenyewe na wateja wake wote. Kwamba hospitali hiyo miezi ile haikuwa na dawa, kila mtu Wundanyi alijua isipokuwa mimi.

Mwaka huohuo watu wa maabara wa mkoa tuliitwa Mombasa kwa mafunzo ya wiki moja. Mhadhiri wa siku ya tatu alikuwa msichana mwembamba wa chuo kikuu, mwenye sauti ndogo, naye akaanza kwa habari za panya. Nikajua mchana wangu umeharibika. Panya hao, alisema, hulelewa huko ng'ambo ndani ya sanduku lisiloingiwa na kijidudu hata kimoja, hewa yao imechujwa na chakula chao kimeuliwa vijidudu kwa joto. Nilimnong'oneza jirani yangu kwamba panya wa Wazungu wanakaa vizuri kuliko sisi, tukacheka, na yule msichana akangoja tumalize.

Panya hao si wazima, akaendelea. Ukuta wa utumbo wao ni mwembamba, na seli zake zinachelewa kubadilishana, zile kuukuu kutoka na mpya kuingia. Kuna sukari moja ambayo utumbo wa panya wa kawaida huitandaza juu ya ukuta wake; hawa wakishaacha kunyonya wanashindwa kuendelea nayo. Si kwamba hawana jeni ya kuitengeneza. Wameirithi kwa baba na mama kama panya wengine, ila imelala. Mwekee panya huyo bakteria wa aina moja tu, hao wa kawaida wa tumboni, na baada ya siku chache ukuta unaanza kuitengeneza tena, nao bakteria wanaila. Mgeni ameagiza, akasema, na mwenyeji ameingia jikoni. Kila seli ya utumbo inabeba maagizo yote ya mwili, lakini haiyasomi yote, na miongoni mwa wanaoiambia isome lipi na liache lipi ni vijidudu tunavyobeba humo tangu kuzaliwa.

Mimi vijidudu hivyo nilikuwa nimeviona kila siku, vijiti na nukta vikitetemeka nyuma ya kile nilichokuwa natafuta. Tulivyofundishwa chuoni, hivyo vilikuwa takataka za kupisha macho. Sikupenda kufundishwa kazi yangu na mtu niliyemzidi miaka kumi. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza, kwa sauti niliyoitumia kwa wenye viberiti, kama sasa tuwaambie akina mama waache kutibu watoto ili tusiwaudhi bakteria.

Hakukasirika. Alisema mgonjwa atibiwe, na kwamba mambo haya bado yanachunguzwa, yeye hawezi kuapa kwa binadamu alichokiona kwa panya. Lakini mtoto mdogo, utumbo wake bado unajifunza kazi, na ukiviua vijidudu vyake leo na mwezi ujao na mwezi wa baadaye, hujui tena ukuta ule unaambiwa nini na nani.

"Kwa hiyo mimi kabla sijampa dawa ningetaka niwe na hakika kwamba ugonjwa upo," akasema. "Hapo ndipo tunawategemea ninyi. Ninyi ndio mnaotazama."

Watu wakaandika jambo hilo katika madaftari yao. Mimi sikuandika.

Mafunzo yalipoisha sikushukia Voi, nilipitiliza mpaka nyumbani. Nilimkuta mke wangu ameketi kibarazani na mtoto mapajani, anambana pua kwa vidole viwili ili ameze dawa ya chupa. Mtoto alipaliwa, akaitema, na mama yake akaijaza tena kijiko. Niliitambua chupa. Ilikuwa na lebo ya kliniki yetu.

Nikauliza dawa hiyo imetoka wapi. Aliingia ndani na kurudi na kile kitabu cha hospitali, daftari la shule lenye majalada ya buluu, akanipa. Ndani zilibanwa karatasi za majibu, moja kwa kila ukurasa. Zilikuwa saba. Amiba alama moja. Amiba alama mbili. Amiba alama tatu, na hiyo, nilipotazama tarehe na kuhesabu, ilikuwa ya Ijumaa. Zote zilikuwa na mwandiko wangu, na sahihi yangu chini yake, ile niliyoifanyia mazoezi nikiwa chuoni ili ionekane ya mtu mkubwa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Nikuambie nini? Si ni wewe uliandika?" Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. "Mimi nilimwambia yule nesi huyu ni mtoto wako. Nilijua unajua. Kila karatasi ikirudi naona mwandiko wako, nasema sawa, baba yake ameangalia mwenyewe. Alikuwa analia hataki, na mimi nampa mpaka mwisho, sibakishi hata tone, kwa sababu ni wewe ulisema."

Nilitaka kumlaumu nesi ambaye hakuandika jina, na mwenye kliniki, na gari, na katoni. Nilikuwa hodari wa kulaumu. Lakini viberiti saba vya mwanangu vilikuwa vimepita chini ya meza yangu na sikumbuki hata kama nilikifungua kimoja, na usiku huo nikamwambia hivyo.

Binti alipona, nisimwache msomaji akingoja. Tuliacha dawa, na ilichukua karibu mwaka mwingine kabla gauni lile halijambana. Siwezi kuapa kwamba dawa ndizo zilizomweka vile, wala kwamba kuziacha ndiko kulikomtoa. Yule msichana wa Mombasa asingeapa, na mimi nina haki ndogo kuliko yeye. Mama mkwe alisema ni kimanga chake, maharagwe na muhogo alivyoviponda kwa mkono wake. Watu wa kanisa walisema ni maombi, wakaja kula kuku wa shukrani. Niliwadharau hao wa kanisa, ni kweli, lakini kwa mazoea tu, na niliwakatia kuku mwenyewe. Kazi ya kliniki niliiacha mwisho wa mwezi uliofuata. Mwenye kliniki alimpata mwingine kabla sijatoa vitu vyangu mezani.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na Jumatatu ile iliyofuata mafunzo. Niliteremka Voi na mke wangu na mtoto, na mtoto akaharia hapohapo kliniki, katika bakuli safi, nami nikakichukua choo kikiwa na joto na kukipeleka kwenye hadubini. Nilipaka slaidi moja, nikaitazama kutoka pembe hadi pembe. Nikapaka ya pili. Nikapaka nane. Niliona matone ya mafuta ambayo mwili wake haukuyachukua, na maganda ya maharagwe kama yalivyomezwa. Niliona vile vijiti na nukta, na kwa mara ya kwanza nilijaribu kuona ni vya aina ngapi, na havikuwa vya aina nyingi. Wagonjwa walijaa kwenye benchi, mwenye kliniki akaja mlangoni mara mbili, sikugeuka. Amiba haikuwepo.

Nikachukua karatasi ya majibu. Nikaandika hakuna amiba, nikaweka sahihi polepole, herufi moja moja, hata haikufanana na zile nyingine. Nikatoka nje, nikampa mke wangu pale benchini. Aliisoma polepole, mtoto amemlalia begani. Halafu akaikunja mara mbili bila kuitia katika daftari, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, wagonjwa wote wakisikia:

"Na hii, umeangalia?"